Majina 64, simu 20: kisa cha duka moja la Lubumbashi katika uhaba wa iPhone 14 Pro wa mwisho wa 2022

Usuli

Duka linalozungumziwa liko katikati ya jiji la Lubumbashi. Lina kaunta mbili na wafanyakazi watano. Jina lake, barabara yake na majina ya wauzaji wake wa Dubai yameondolewa. Tarakimu za fedha zimezungushwa kidogo ili zisimwelekeze msomaji kwa mtu, ila uwiano kati yake umeachwa kama ulivyokuwa.

Wateja wake ni watu wa mishahara ya migodini, wafanyabiashara wa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mawakili, na vijana wanaolimbikiza miezi kadhaa ili washike simu moja ya bei kubwa. Bei zote ni za dola. Franka hutumika kulipia kava na vioo vya kulinda skrini.

Duka halina mkataba na mtengenezaji yeyote. Linanunua Deira, Dubai, kwa wauzaji wawili wa jumla, na mzigo hupanda ndege kupitia Addis Ababa hadi uwanja wa Luano. Hapa kuna jambo ambalo wateja wengi hawalijui: katika wiki za kwanza za uzinduzi, simu zinazoonekana Deira si mgao uliotoka kiwandani kwenda Deira. Nyingi zimenunuliwa rejareja katika nchi zilizopata mgao, na watu waliopanga foleni au kuagiza usiku, kisha zikauzwa kwa faida. Kwa hiyo Deira haina bei ya simu mpya. Ina bei ya leo asubuhi.

Hesabu ya duka kwa kila simu ilikuwa hivi: bei ya Deira, ukiongeza asilimia 26 ya bei hiyo kwa ushuru, kodi na wakala wa duane (forodha), ukiongeza dola 30 za ndege na bima. Kwa iPhone 14 Pro Max ya GB 256 walikadiria Deira dola 1,290. Gharama za kuifikisha zinakuwa 365, jumla 1,655. Wakatangaza 1,800. Faida ya simu moja, 145.

Asilimia 26 hiyo ikumbukwe. Dola 100 zikipanda Deira, kaunta ya Lubumbashi inaumia kwa dola 126.

Kwa nini simu hazikutosha duniani

iPhone 14 Pro na 14 Pro Max zilitangazwa tarehe 7 Septemba 2022 na kuingia madukani tarehe 16. Marekani, Pro Max ya GB 256 iliwekwa dola 1,199 kabla ya kodi. Mwaka huo watu walikuwa na sababu ya kuiruka 14 ya kawaida: chipu mpya ya A16 na kamera ya megapikseli 48 viliwekwa kwenye Pro peke yake, na 14 ya kawaida ikabaki na A15. Mahitaji yakaegemea upande mmoja, na upande huo ndio uliokuwa mgumu zaidi kutengeneza.

Wateja walipoambiwa hakuna simu, jibu lao lilikuwa moja: si watengeneze nyingine? Swali ni la haki, na muuzaji anayechukua avansi (malipo ya awali) anapaswa kuwa na jibu lake.

Chipu ya simu huchorwa kwenye sahani ya silikoni yenye kipenyo cha milimita 300. Tangu sahani inapoingia kiwandani hadi inapotoka hupita karibu miezi mitatu, na bado inasubiri kukatwa, kufungwa na kupimwa. Idadi ya chipu za Septemba huamuliwa kabla mteja hajaiona simu. Skrini, kamera, betri na fremu kila kimoja kina kiwanda chake na muda wake, na kipande kinachochelewa kuliko vyote ndicho kinachoamua idadi ya simu. Mwaka 2017 iPhone X ilitangazwa tarehe 12 Septemba lakini haikuuzwa hadi 3 Novemba. Magazeti ya biashara yalieleza wakati huo kwamba sehemu za kamera ya kutambua uso zilikuwa ngumu kutoka kwa wingi. Simu iliyokamilika kila kitu isipokuwa kamera haihesabiwi kuwa simu.

Kisha kuna vinavyoharibika njiani. Chukua kazi yenye hatua 20, kila hatua ikipitisha vipande 97 kati ya 100. Zidisha 0.97 mara ishirini: mwisho wa mstari vinatoka 54 tu vilivyo sawa. Mafundi wakifikisha kila hatua 99, vinatoka 82. Mashine ni zile zile, watu ni wale wale, ila mazao yameongezeka kwa nusu. Ndiyo maana wiki za kwanza za simu mpya huwa kavu hata pasipo janga lolote, na ndiyo maana mzigo huongezeka wenyewe kadiri wiki zinavyopita. Anayenunua Deira katika wiki ya pili analipia hatua ambazo bado zinapitisha 97.

Mwaka 2022 kulikuwa na janga pia. Sehemu kubwa ya Pro iliunganishwa katika kiwanda cha Foxconn kilichoko Zhengzhou, China, ambacho msimu wa kazi nyingi huwa na wafanyakazi zaidi ya 200,000. Oktoba virusi vya korona viliingia humo, wafanyakazi wakazuiwa ndani, na mwisho wa mwezi maelfu waliondoka kwa miguu wakiwa na mabegi yao. Tarehe 2 Novemba eneo linalozunguka kiwanda lilifungwa kwa siku saba. Tarehe 6 Novemba Apple ilitoa taarifa kwamba kiwanda kinafanya kazi kwa uwezo uliopungua sana na kwamba wateja watasubiri zaidi. Tarehe 22 na 23 kukazuka vurugu juu ya malipo, na kiwanda kikawapa wafanyakazi wapya waliotaka kuondoka yuani 10,000 waende zao. Mstari wa kuunganisha haujazwi na watu wapya kwa siku moja. Kila nafasi ina kishikizi chake, kipimo chake na mkono uliokwisha kuzoea.

Neno la pembeni, kwa sababu Lubumbashi linasemwa sana: jiwe linatoka kwetu, simu inachelewa kwetu. Ni kweli kwamba takriban asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na Kolwezi iko kilomita 300 hivi kutoka kaunta hii. Lakini uhaba huu haukuwa wa jiwe. Kobalti ya betri ya Septemba ilikuwa imekwisha kupita bandarini, kusafishwa China na kuingia kwenye seli miezi mingi kabla. Kilichokosekana Novemba kilikuwa mikono ya Zhengzhou.

Mfululizo wa matukio

*Septemba, wiki ya pili.* Siku mbili baada ya tangazo, duka lilifungua daftari. Mteja anaandikwa jina, anaachia avansi ya dola 300, bei inaandikwa kwenye risiti: 1,800. Ujumbe uliosambazwa kwa WhatsApp ulisema simu zitafika tarehe 26 "bila shaka". Ndani ya siku tisa majina yakafika 64 na avansi dola 19,200. Hakuna aliyeweka kikomo cha majina.

Fedha hizo zilitumwa Deira pamoja na 11,600 za duka. Muuzaji wa kwanza alipewa 20,000, yaani 500 kwa kila simu, kwa simu 40. Wa pili alipewa 10,800, yaani 450 kwa kila simu, kwa simu 24. Jumla 30,800 ziliondoka Lubumbashi kwa ahadi ya ujumbe wa simu tu.

*26 Septemba.* Zilifika simu 11 kutoka kwa muuzaji wa kwanza. Siku hiyo hiyo waliingia watu wasio kwenye daftari wakiwa na fedha taslimu. Simu nne zikauzwa kwao kwa dola 2,300 kila moja. Saba zikaenda kwa walioandikwa, na si kwa mpangilio wa namba: walipewa waliopiga kelele zaidi. Mpaka jioni mji ulikuwa unajua, kwa sababu mmoja wa wale wanne alipiga picha akiwa na sanduku.

*Oktoba, katikati.* Simu tisa nyingine kutoka kwa muuzaji yule yule, safari hii kwa 1,400 badala ya 1,290. Gharama ya kila moja ikawa 1,794 na kubakiza faida ya dola 6. Katoni ilizuiwa siku sita kwenye ghala la njiani kwa sababu haikuwa na alama ya betri za lithiamu. Simu yenye betri ndani husafiri chini ya namba ya mizigo hatari UN 3481. Katoni yenye betri nyingi ndani ya vifaa lazima ibandikwe alama hiyo hata kama kila betri ni ndogo. Muuzaji alikuwa amezoea kutuma simu mbili mbili, ambazo hazidai alama, akafunga tisa kwa mkono ule ule. Ghala lilitoza dola 180.

*Wiki iliyofuata.* Watu 15 walidai fedha zao ndani ya siku saba. Dola 4,500 hazikuwepo, zilikuwa Deira. Duka likaenda kwa wakopeshaji wa mtaani, kwa asilimia 20 kwa mwezi, miezi miwili. Riba: 1,800.

*Mwisho wa Oktoba.* Muuzaji wa pili, ambaye hakuwa ametuma hata moja, alisema ana 12 za kuondoka leo, kwa 1,340. Duka likakubali bila kuomba picha ya lebo. Zilipofunguliwa zilikuwa na msimbo unaoishia na LL/A, yaani toleo la Marekani. Kuanzia iPhone 14, toleo la Marekani halina trei ya SIM kabisa. Linatumia eSIM peke yake, yaani laini iliyomo ndani ya simu, isiyo na kadi. Wateja wote wa daftari walikuwa na kadi ya kuchomeka, wengi wakiwa na mbili. Duka halikuwa na njia ya kuwahamishia kwenye eSIM wakiwa kaunta. Watano walikubali kuchukua kwa 1,650. Saba zilibaki kwenye kabati.

Maamuzi ya Novemba

Taarifa ya 6 Novemba ndiyo iliyombadilisha mwenye duka. Kabla ya hapo kila kuchelewa kulionekana kuwa kosa la muuzaji wa Deira, na dawa yake ikawa kumpigia zaidi. Baada ya taarifa ilionekana wazi kwamba Deira yenyewe haitapata. Tarehe 8 alifanya mambo manne.

Alifunga daftari. Jambo hili ni dogo kulitaja, lakini mpaka siku hiyo vijana wa kaunta walikuwa bado wanaandika majina mapya kwenye karatasi ya pembeni, kwa nia njema.

Aliwapigia simu wote 28 waliobaki, yeye mwenyewe, kwa siku mbili. Hakutuma ujumbe wa pamoja. Maneno yalipangwa kabla: "Mama, uko wa kumi na tisa kwenye daftari. Sina tarehe ya kukupatia. Avansi yako ya dola 300 iko. Ukiitaka, nakurudishia ndani ya siku kumi. Ukitaka simu nyingine iliyo hapa, tunahesabu tofauti. Ukingoja, utalipa bei ya siku inapofika, na haitapita 1,800." Neno lililoleta utulivu, kwa maelezo ya waliosikiliza simu hizo, ni *sina tarehe*. Miezi miwili walikuwa wakipewa tarehe.

Wanaongoja walibandikiwa namba ukutani, namba tupu bila majina, ili kila mtu aone foleni inavyosogea na kwamba hakuna aliyerukwa.

La nne ni bei. Aliacha bei iliyofungwa na kuweka gharama halisi pamoja na dola 120, kwa kikomo cha 1,800. Kikomo hicho kilikuwa hatari kwake: Deira ingebaki 1,400, gharama ni 1,794 na angepata dola 6. Alikikubali kwa sababu risiti ya Septemba ilisema 1,800, na risiti ni risiti.

Kati ya watu 28, tisa walichukua fedha, wanane walibadili wakachukua 14 ya kawaida au 13 Pro Max, 11 wakangoja.

Matokeo

Mzigo ulianza kurudi Januari 2023. Tarehe 2 Februari, Apple ikitoa hesabu za robo iliyoishia Desemba, ilieleza kwamba uzalishaji umerudi kule inakotaka. Mapato ya iPhone ya robo hiyo yalikuwa yameshuka kwa asilimia 8 hivi kulinganisha na mwaka uliotangulia. Deira ilishuka hadi 1,250. Muuzaji wa kwanza akapiga simu kwa furaha: zile 20 zako zimepatikana zote.

Ila daftari lilikuwa na watu 11, na walipopigiwa, watatu walikuwa wamekwisha kununua kwingine. Wanane walichukua kwa 1,725. Baada ya mabishano muuzaji alikubali duka lichukue 10 tu, na avansi ya zile 10 nyingine, dola 5,000, ihesabiwe kwenye simu za bei ndogo. Mbili zilizozidi ziliuzwa kwa watu wengine kwa bei ile ile.

Hesabu ya mwisho: simu saba za kwanza za daftari zilileta 1,015. Nne za nje zilileta 2,580. Tisa za Oktoba zilileta 54, zikala 180 za ghala. Tano za Marekani zilipoteza 340. Saba zilizobaki ziliuzwa polepole kwa wastani wa 1,530 na kupoteza 1,316. Waliobadili walileta 720. Kumi za Januari, 1,200. Toa riba 1,800. Kinachobaki ni dola 1,933 kwa miezi minne, wakati daftari la Septemba liliahidi 9,280.

Uchambuzi

Tuanze na kinachobishaniwa sana kila kisa hiki kinapoelezwa kwa wauzaji: zile simu nne za 2,300. Ukitazama mistari ya hesabu, hakuna biashara iliyozaa kuliko hiyo, na wapo wanaosema kosa ni kutouza zote 11 namna hiyo. Lakini zingeuzwa kwa walioandikwa zingeleta 580. Ziada yake halisi ni dola 2,000. Watu 15 waliodai fedha walifika baada ya picha ya sanduku, wala hawakuficha sababu. Kuwarudishia kuligharimu riba ya 1,800. Dola 200 ndizo zilizobaki kwa kuvunja foleni, kabla hujahesabu kwamba watu 15 hao sasa wananunua kava na chaja kwa jirani.

Hata hivyo tusiibebeshe picha ile kila kitu. Watu kudai fedha zao halikuwa janga lenyewe. Janga ni kwamba fedha hazikuwepo. Avansi ya mteja ilitumika kama mtaji: ilipokewa asubuhi, ikatumwa Deira jioni, na kule ikawa mtaji wa mtu mwingine. Duka lilikuwa limekopa dola 19,200 kwa watu 64 wanaoweza kudai siku yoyote, na kumkopesha mtu ambaye haliwezi kumdai siku yoyote. Mpangilio huo hauhitaji kiwanda kufungwa ili uanguke. Kuchelewa kwa wiki tatu kunatosha. Avansi inapaswa kukaa ilipo mpaka muuzaji aonyeshe simu. Kama mtaji wa duka ni 11,600, na muuzaji anadai 500 kwa kila simu, basi duka lina uwezo wa kuagiza simu 23. Daftari lilipaswa kufungwa kwenye jina la 23.

Kosa la pili kwa uzito ni kufunga bei ya kitu ambacho hakijapata bei. Tarehe 9 Septemba hakuna mtu Deira aliyejua Pro Max itauzwaje mwezi Oktoba. Kuandika 1,800 kwenye risiti kulikuwa kumpa mteja bima ya bei bila kumtoza malipo ya bima. Bei ikipanda mteja anang'ang'ania risiti; ikishuka anaiacha risiti na kununua kwa jirani. Muuzaji anapoteza pande zote mbili. Kanuni ya Novemba, gharama pamoja na 120 kwa kikomo, ingefaa tangu siku ya kwanza, na kikomo chake kingewekwa juu zaidi, labda 1,950, kwa sababu siku ya kwanza hakuna risiti ya zamani ya kuheshimu.

Kuna hili la vyanzo viwili. Duka liligawa agizo kwa wauzaji wawili ili mmoja akikwama mwingine aokoe. Januari, katoni zilipowekwa pamoja, zote zilikuwa na kibandiko cha ghala moja la mtu wa tatu. Wauzaji wawili walikuwa wakichota kisima kimoja, na kisima kilipokauka walikauka pamoja. Kulijua hili Septemba hakukuwa kugumu: omba kila mmoja akutumie picha ya lebo ya sanduku na kibandiko cha katoni cha mzigo wake wa mwisho, kisha vilinganishe.

Picha hiyo hiyo ingezuia hasara ya simu 12 za Marekani, ambayo ni 1,656 yote. Lebo ya sanduku la iPhone husomeka kwa sekunde tano. Herufi ya kwanza: M ni mpya ya rejareja, F imekarabatiwa na mtengenezaji, N ni ya kubadilishia iliyoharibika. Mwisho: LL/A ni Marekani, ZA/A ni Hong Kong na CH/A ni China bara, na Pro Max za matoleo hayo mawili hupokea kadi mbili za kuchomeka. Kwa mteja wa Lubumbashi anayetembea na mitandao miwili mfukoni, ZA/A ndiyo ya kutafuta, hata ikizidi kwa dola chache. Duka lilikuwa na kijana anayejua haya yote. Hakuulizwa, kwa sababu agizo lilifanyika saa tano usiku kwa simu.

Kuhusu mahitaji, kati ya watu 28 waliopigiwa Novemba, wanane walikiri kwamba wameachia avansi katika duka lingine pia. Ni zaidi ya robo. Hawakuwa wakidanganya, mtu akisikia uhaba anaandikisha jina mahali pawili ili apate hata mahali pamoja. Lakini kila duka linamhesabu kama mnunuzi kamili, kila duka linaagiza Deira, na Deira inaona simu mbili mahali penye mnunuzi mmoja. Hesabu hiyo inavimba kadiri inavyopanda mnyororo. Kisha mzigo unarudi, mtu ananunua moja, na ile nyingine inabaki kaunta ya mtu. Zile simu 20 za Januari zilizotafuta watu na kupata wanane ni uvimbe huo ulipopasuka. Katika msimu wa uhaba, ukiwa na majina 64 panga kwa 45, na hapo uhesabu kwamba nusu ya hao wataondoka kama wiki sita zitapita.

Kilichofanya kazi ni simu za tarehe 8 na 9 Novemba. Zilichelewa wiki sita, lakini zilifanyika vizuri: mtu mmoja kwa wakati, namba ya foleni ikitajwa, chaguo tatu, kila moja ikiwa na kiasi au siku zake. Wanane waliobadili simu wangedai fedha kama wangeulizwa tu "unarudishiwa au unangoja?" Chaguo la tatu liliokoa 2,400 za avansi zisitoke na kuleta 720 za faida. Marejesho ya watu tisa yalilipwa siku ya nane, kwa fedha za simu tano za Marekani. Hilo lilikuwa bahati zaidi kuliko mpango: zile tano zisingeuzwa, ahadi ya siku kumi ingevunjika kama zile za Septemba.

Daftari la 2023

Septemba iliyofuata duka lilifungua daftari la majina 12, kwa awamu mbili za sita. Avansi ikashushwa hadi dola 50, ikakaa kwenye akaunti ya pembeni isiyoguswa. Risiti haikuwa na bei. Ilikuwa na kanuni yake, iliyoandikwa kwa mkono: Deira, asilimia 26, 30, 120, na kikomo. Muuzaji alilipwa baada ya picha ya lebo, na kila katoni ilipigwa picha ya alama ya lithiamu kabla ya kufungwa. Awamu ya pili haikufunguliwa mpaka simu ya sita ya awamu ya kwanza ilipochukuliwa.

Muuzaji wa pili wa Deira, aliyebaki na 5,400 za duka, hakuwahi kurudisha fedha. Alilipa kwa mzigo: chaja, kava, na waya za Lightning, yaani za tundu la iPhone zilizotangulia 15. Chaja ziliisha kufikia Aprili. Waya 140 zilikuwa bado kwenye katoni chini ya kaunta tarehe 22 Septemba 2023, siku iPhone 15 ilipoingia madukani ikiwa na tundu la USB-C.